TOZO YA SHILINGI 100 NA BARABARA ZA VIJIJINI: MANENO YA MWENYEKITI WA TAWI



Kwa ambao hamkufika kikao cha Jumapili, haya ndiyo aliyosema Mwenyekiti:

"Ndugu zangu, kuna mwenzetu kaniuliza pale mlangoni: sisi tuko Ilala, barabara za vijijini zinatuhusu nini? Namjibu kwa karoti. Karoti na kabichi tunazonunua Soko la Ilala, nyingi zinatoka Mgeta, milimani Morogoro. Kalavati moja likiziba huko, mvua ya siku mbili inakata njia. Gari halipandi, mzigo unashuka kwa pikipiki au kichwani, na kila anayeubeba anataka chake. Halafu usafiri unatozwa kwa gunia, kwa hiyo gunia linajazwa mpaka linavaa kilemba. Lumbesa inapigwa marufuku kila siku, lakini greda halipelekwi.

Sasa hela. Tangu Julai 2021, kila lita ya petroli na dizeli inakatwa shilingi 100 zaidi kwa ajili ya barabara za TARURA. Kijana wa bodaboda hapa Karume akitia lita 3 kwa siku, ametoa shilingi 300. Kwa siku 300 za kazi ni 90,000. Huyo ni mmoja tu. Mimi tozo siikatai (najua humu wapo wanaoikataa, tutabishana siku nyingine). Nauliza imefika wapi.

Tuwe wa haki: TARURA, iliyoanzishwa 2017, imebebeshwa mzigo. Ina mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000, wakati TANROADS ina kama 36,000. Lakini mgao wa Mfuko wa Barabara tuliouzoea ni asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa hawa. Sawa, barabara kuu ni ghali. Hata hivyo hesabu haikai.

Na kuna suala la muda. Mwaka wa fedha unaanza Julai, ardhi ikiwa kavu. Hela ikichelewa mpaka Novemba, greda linachonga tope, na masika ikija inaondoka na kifusi chote. Bajeti kupitishwa Dodoma ni jambo moja, mkandarasi kulipwa ni jingine.

Wala msidhani ni mbali. Mvuti, Msongola na Zingiziwa ni Ilala hii hii, na barabara za mitaa yetu ziko chini ya wakala huyo huyo.

Kwa hiyo diwani na mbunge tuwaulize hivi: mwaka huu wa fedha, kiasi gani kimefika TARURA Ilala, kilifika tarehe gani, na kimetengeneza barabara ipi? Wakijibu 'mchakato unaendelea', msikae chini."

Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nendeni na swali hilo mkiwa mmeliandika. Wenye picha za barabara za Mvuti na Msongola wazitume kwa Katibu, waandike na jina la mtaa.

Imetolewa na Katibu Mwenezi wa Tawi. Msambazie na mwenzako.