HOTUBA YA MWENYEKITI: MAZOEZI BAADA YA UPASUAJI



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka 10 ya kikundi chetu. Hesabu za hisa na mikopo atazisoma mweka hazina. Mimi nitasema juu ya afya, tena jambo moja tu lililotugusa humu ndani.

Mwenzetu mmoja, ameniruhusu niseme bila jina, alifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo huko Dar es Salaam. Sukari ilikuwa juu, magoti yamemchosha, na kuingia kivuko cha Msangamkuu mpaka ashikwe mkono. Wengine mnadhani mambo haya ni ya Ulaya. Hapana. Mloganzila walianza kuweka puto tumboni mwaka 2022, na upasuaji nao unafanyika hapa hapa nchini.

Alirudi akaanza kupungua haraka. Sasa huku kwetu pwani mnajua wenyewe: mwanamke akinenepa ametunzwa, akikonda maneno yanaanza. Wakasema ana maradhi mabaya. Wengine, eti mume hamlishi. Akaacha kuja mikutanoni, hisa zake anamtuma mtoto. Hapo ndipo tulipoamka, maana mwanachama asipoonekana kuna jambo.

Maelekezo ya daktari alikuwa nayo. Atembee tangu siku za mwanzo, kidogo kidogo. Asinyanyue ndoo wala asitwange mpaka aambiwe amepona ndani. Maji anywe kwa mafunda madogo, na vidonge vya vitamini asiache. Tena alielezwa kwamba uzito ukishuka haraka hayaondoki mafuta peke yake, misuli nayo huondoka, na mazoezi ndiyo yanayoilinda. Yote aliyajua, lakini hakuyapenda. Mwanawe alimnunulia raba, zikalala chini ya kitanda. Kila asubuhi anapanda mizani, na mizani ilipogoma kushuka akakata tamaa kabisa.

Tulipomtembelea hatukumhubiria. Tulimwuliza tu, dada, zamani ulikuwa unapenda nini? Akajibu: kuchokoa pweza, na ngoma. Basi! Alipopata ruhusa ya daktari tukangoja bamvua, maji yakatoka, tukashuka naye mwambani na fimbo zetu. Unatembea, unainama, unanyooka, mara saa 2 zimepita na hakuna aliyechoka kwa hasira. Bamvua haiji kila siku, kwa hiyo siku nyingine tunatembea mpaka ufukwe wa Shangani kabla ya magharibi, tukipiga soga.

Jumamosi ni sindimba uani. Nani hapa Mtwara asiyeijua sindimba? Kiuno, mapaja, pumzi, vyote vinafanya kazi. Mwanzoni yeye alikaa kwenye kigoda akipiga makofi, maana ruhusa ya kuzungusha kiuno ilikuwa haijatoka. Ilipotoka, jamani, sisi ndio tulioomba kupumzika!

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku 2 za mazoezi ya kutia misuli nguvu. Ukigawa ni nusu saa kwa siku 5. Sisi tunapita, bila kuhesabu. Kwa upande wa nguvu, anakaa na kusimama kwenye kigoda bila kushika kitu, mara 10, kisha anaongeza taratibu. Mizani tumemwambia aiache mpaka siku ya kliniki. Siku hizi anatuhesabia mengine: anasujudu na kuinuka bila kushika ukuta, na kivuko anapanda mwenyewe.

Wapo humu waliopasuliwa kwa uzazi au ngiri na wanaogopa hata kujinyoosha. Waulizeni madaktari wenu kwanza, kisha njooni. Na ninyi akina baba mliofika leo, mkimwona mama anatoka jioni amefunga kanga kiunoni, msimwulize chakula kiko wapi. Kiko jikoni.

Wanachama wenzangu, mtu akikonda, mwendeeni nyumbani mkamjulie hali. Msimjadili kisimani.

Jumamosi tunaanza saa 11 jioni. Mwenzetu huyo ndiye anayetupigia ngoma siku hizi, na akichelewa anatufokea.