Kabla Hujakandwa Mara ya Kwanza



Wengi wetu hapa Bariadi tulikulia kwenye mashamba ya pamba, na migongo bado inatukumbusha. Kwa uchovu huo wa misuli kukandwa kunasaidia, ingawa mara nyingi nafuu yake ni ya muda. Msione haya, mtafunikwa shuka. Ukiumia, sema apunguze nguvu. Anayedai lazima ulie ndipo upone, mwache.

Lakini mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari ndefu ya basi, usichuliwe kabisa. Huenda damu imeganda mshipani, na donge hilo likifika mapafuni huweza kuua. Mimi nilikwisha kuupaka mafuta wangu. Mke wangu akaninyang'anya chupa, tukaenda hospitali.