Daraja la Tatu: Imani na Maombolezo Baada ya MV Bukoba



Kazi yangu ni kufundisha Agano la Kale. Kwa desturi, mhadhara kama huu ungekuwa nafasi ya kuwaeleza utafiti wangu juu ya sarufi ya Kiebrania. Lakini siwezi kusimama katika mji huu wa Mwanza, ziwa likiwa pale chini, nikazungumzia sarufi peke yake. Nimekuja kuzungumzia msiba ambao kila nyumba ya kando ya ziwa hili ina neno lake juu yake, na kuuliza imani yetu ya Kikristo ilitupa nini siku zile, na ingeweza kutupa nini zaidi.

Jioni ya tarehe 20 Mei 1996 meli ya MV Bukoba iling'oa nanga Bukoba, ikapitia Kemondo, ikaelekea Mwanza. Asubuhi ya Jumanne tarehe 21, safari ikiwa inakaribia mwisho, ikapinduka. Meli ile iliruhusiwa kubeba abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Naomba tutulie kidogo hapo. Watu walikata tiketi, wakapanda, wakajibanza kati ya mizigo na mikungu ya ndizi, na hapakuwa na karatasi yoyote iliyosema kwamba wapo.

Yaliyofuata mnayajua kuliko mimi. Meli ilipokuwa imelala kifudifudi juu ya maji, waliokuwa ndani walisikika wakigonga chuma. Waokoaji wakatoboa tundu ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, nayo ikazama na waliokuwamo. Walikufa watu zaidi ya 800. Rais Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo ya taifa. Wengi waliopatikana bila kutambuliwa wamelala kwenye makaburi ya Igoma, Wakristo kwa Waislamu, bega kwa bega.

Siku zile, na katika kila msiba tangu siku zile, tumesikia sentensi moja: kazi ya Mungu haina makosa. Sitaibeza. Nimeiona ikimsimamisha mtu aliyekuwa hawezi kusimama. Mfiwa anapoisema kwa kinywa chake mwenyewe, usiku, akiwa amekaa kwenye mkeka, ni kama mtu anayeshika kamba gizani bila kuona imefungwa wapi. Tatizo huanza pale sentensi hiyo inapotoka kwa mfiwa na kuchukuliwa na watu wengine. Hasa wenye dhamana.

Nikiwa kijana nilihudhuria ibada ya kumbukumbu ya mtoto wa jirani yetu, aliyefia ziwani. Mhubiri, ambaye sitamtaja, alikuwa mtu mwema na alikuwa anatafuta maneno ya kufariji kama sisi sote. Akasema kwamba Mungu alimpenda kijana yule zaidi, ndiyo maana akamchukua. Mama wa marehemu akanyanyua uso. Hakupaza sauti. Akasema, “Baba mchungaji, aliyemkatia mwanangu tiketi si Mungu.” Kisha akainamisha kichwa, na wimbo ulipoanza akaimba pamoja nasi, ubeti hadi ubeti.

Nimefundisha theolojia miaka mingi na sijasikia tena mahubiri mafupi yenye uzito kama ule. Mama yule hakuwa amepoteza imani. Alikuwa anamtetea Mungu dhidi yetu. Alikataa Mungu abebeshwe hesabu ambayo mtu mwenye kalamu pale bandarini alipaswa kuifanya. Na baada ya kusema hivyo, aliimba. Yote mawili, kukataa na kuimba, yalitoka katika kifua kimoja, na nguvu ninayokuja kuizungumzia leo ni hiyo.

Biblia iko upande wake. Rafiki zake Ayubu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walipofika msibani walifanya jambo moja sahihi kabisa: walikaa chini pamoja naye siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Walikuwa na majibu mazuri, yaliyopangwa vizuri, ya kumtetea Mungu. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyemlalamikia sura baada ya sura. Kuna wahubiri wengi wa misibani ambao wangefaa kuisoma sura ya 42 kabla ya kuvaa kanzu.

Na Bwana wetu mwenyewe aliletewa habari ya msiba. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, anautaja mnara wa Siloamu uliowaangukia watu 18 wakafa. Watu wa zama zile, kama wa zama zetu, walitaka kujua marehemu walikosa nini. Yesu anakataa moja kwa moja: hawakuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Halafu anawageukia walio hai na kuwataka watubu. Angalieni anavyougeuza uso wa swali. Toba haidaiwi kwa waliolala chini ya mawe. Inadaiwa kwa waliobaki wamesimama. Na mimi, kila ninaposoma habari ile, najiuliza ni nani aliyeujenga ule mnara, na kama kuna mtu aliyeona ufa akanyamaza.

Sasa niruhusuni nikae kidogo na kitabu kimoja ambacho ndicho hasa kilichonileta hapa. Mwaka 586 kabla ya Kristo, jeshi la Babeli liliiangusha Yerusalemu. Hekalu likachomwa, watu wakachukuliwa mateka. Msiba ule ulizaa kitabu chenye sura tano tu, Maombolezo. Makanisani kwetu tunakisikia mara chache sana, na tukikisikia ni ile mistari michache ya matumaini iliyo katikati, imechomolewa kama nyama kwenye mchuzi.

Anayekisoma kwa Kiebrania hukutana na jambo la ajabu. Sura nne za kwanza zimefuata alfabeti. Herufi za Kiebrania ni 22. Basi sura ya kwanza ina beti 22, kila ubeti ukianza na herufi inayofuata, na ya pili vivyo hivyo, na ya nne. Sura ya tatu inaongeza: kila herufi inapewa mistari mitatu, jumla 66. Wapenzi wa ushairi wa pwani yetu hawatashangaa, maana wanaijua Dura Mandhuma, iliyosukwa kwa kufuata herufi za Kiarabu. Huu ni ufundi wa mtu aliyetulia, anayehesabu. Lakini huyu mshairi wa Yerusalemu analia! Kwa nini mtu anayelia ahangaike na herufi?

Nadhani ni kwa sababu kilio kisicho na kingo humzamisha mwenyewe. Alfabeti inamwambia: utalia kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, hutaruka kitu, njaa ya watoto utaitaja, aibu ya wazee utaitaja, na hasira yako kwa Mungu utaitaja mbele zake. Halafu herufi zitakwisha, utapumua, utaanza tena. Mara nne anafanya hivyo. Sura ya tano ina beti 22 vilevile, lakini herufi hazifuatani tena. Wataalamu wanatoa sababu mbalimbali. Mimi naona mtu aliyechoka. Nyumba bado ina idadi yake ya nguzo, ila mpangilio umemtoka mikononi. Na kitabu hakifungwi kwa furaha. Kinaishia kwenye hofu kwamba huenda Mungu amewatupa kabisa. Wayahudi wanapokisoma kwa sauti hurudia mstari wa kabla ya mwisho, ili wasiondoke na neno lile la mwisho masikioni. Hata hivyo hawakulifuta. Limebaki kwenye Maandiko Matakatifu hadi leo.

Mtu ataniuliza, na wanafunzi wangu huniuliza: mwalimu, kumlalamikia Mungu si upungufu wa imani? Nawajibu kwa Zaburi ya 88. Ni sala inayoanza gizani na kuishia gizani, bila hata mstari mmoja wa kushukuru. Lakini yule mtu anamwambia nani maneno yale? Anamwambia Mungu. Aliyekata tamaa kabisa halalamiki, huondoka. Anayebaki mlangoni akigonga usiku kucha bado anaamini kuna mwenye nyumba.

Mkoa wa Kagera, ilikotoka meli ile, ulikuwa umeshagonga mlango huo mara nyingi kabla ya Mei 1996. Vita vya 1978 na 1979 vilipita juu ya vijiji vyake. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa huko, na miaka iliyofuata mabibi walizika watoto wao wakabaki kulea wajukuu. Mkoa huohuo ndio uliolipatia Kanisa la ulimwengu Kardinali Laurean Rugambwa na Askofu Josiah Kibira. Uamsho ulioanzia Rwanda miaka ya 1930 ulifika huko na kuwafundisha waumini kusimama mbele ya wenzao na kusema mambo ya maisha yao kwa uwazi, bila kuyapamba. Nadhani hiyo ni sehemu ya nguvu ya mama yule niliyemtaja. Alilelewa katika imani ambamo ukweli husemwa katikati ya ibada, halafu ibada inaendelea.

Siku tatu za taifa zilipokwisha, bendera zilipandishwa, redio zikarudia vipindi vyake. Hapo ndipo kazi ya kweli ilipoanza, na haikufanywa na majukwaa. Ilifanywa na jumuiya ndogo ndogo na vikundi vya akina mama vya usharika: nyumba kumi, kumi na tano, zinazojuana kwa majina. Walioamka kwenda kumsaidia mjane kupalilia. Waliomfuata mzee aliyeacha kwenda kanisani, wasimhubirie, wakae naye tu kibarazani. Nikiulizwa imani ilitia nguvu kwa njia gani, sina haja ya kupanda juu sana kifalsafa. Ilimpa mfiwa watu ambao hawakumwambia baada ya arobaini kwamba sasa basi.

Lakini lazima niseme na upande unaouma. Tarehe 20 Septemba 2018, miaka 22 baadaye, kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kinakaribia kisiwa cha Ukara, kikapinduka. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Walikufa watu 228. Mtu mmoja alitolewa hai siku ya pili baada ya kivuko kupinduka, akiwa amesalia kwenye nafasi yenye hewa, na nchi nzima ikalia kwa shukrani. Nami nililia. Kisha nikachukua kalamu nikaziandika namba zile kando kando, 430 na 443, 101 na 228, nikashindwa kulala.

Sisi watu wa makanisa tunahusika. Kwa miaka 22 tuliwafundisha watu kusema kazi ya Mungu haina makosa, na hatukuwafundisha kwa bidii ileile kuuliza kazi ya mwanadamu ina makosa gani. Tuliwapa mistari ya katikati ya Maombolezo tukawanyima beti za mwanzo. Kilio kilichonyamazishwa mapema hakimsumbui mtu yeyote ofisini. Kilio kinachotaja kila jambo kwa zamu, herufi kwa herufi, humfikia hata mwenye kalamu pale bandarini.

Yesu alipofufuka aliwatokea wanafunzi akiwa na makovu. Tomaso aliyaona. Ningetegemea mwili wa utukufu uwe umepona kabisa, ngozi laini, msalaba umesahauliwa. Sivyo. Ufufuko tunaouhubiri Igoma kila Mei haufuti alama za misumari. Mwenyezi anazo mikononi, na ndiyo maana naweza kumwamini kaburini. Mungu asiye na kovu ningeogopa kumpeleka kule.

Basi nina ombi, na ndilo hasa lililonifanya niuchague mji huu badala ya darasa langu. Daraja la tatu bado halina orodha. Walio na majina yale ni ninyi wakazi wa Mwanza, na ndugu zenu walioko Bukoba, Muleba, Karagwe na visiwani. Nimezungumza na baadhi ya wachungaji, mapadre na mashehe, na wamekubali majina yakusanywe parokia kwa parokia, usharika kwa usharika, msikiti kwa msikiti, yasomwe kwa sauti Igoma tarehe 21 Mei, kwa mpangilio wa alfabeti. Itachukua muda mrefu. Watu watasimama juani. Wasimame.

Daftari liko mezani pale mlangoni, pamoja na kalamu. Ukurasa wa kwanza una jina moja tayari. Mama yake aliliandika jana kwa mkono wake, polepole, akaniuliza kama aandike na umri. Nikamwambia aandike.