Shilingi 2,000 Zinafanya Nini Nyumbani?

Mazungumzo ya afisa wa maendeleo ya jamii na wakazi katika baraza, Voi



Nimeombwa nizungumze juu ya pesa za Inua Jamii. Kila nikipita Marungu, Kasigau, Sagalla au Mbololo, maswali ni yale yale. Je, shilingi 2,000 zinasaidia kweli? Je, haziwafanyi watu wavivu? Mbona jirani anapata na mimi sipati? Na mbona zinachelewa? Leo tuyajibu haya kwa uwazi.

Kwanza tuelewane. Pesa hizi hutolewa na Serikali ya Kitaifa kupitia idara ya ulinzi wa jamii. Sisi wa kaunti kazi yetu ni kuwaelimisha na kuwaelekeza. Walengwa ni makundi matatu: wazee waliofikisha miaka 70, nyumba zenye umaskini zinazolea mayatima na watoto walio katika hali ngumu, na watu wenye ulemavu mkubwa wanaohitaji mtu wa kuwahudumia wakati wote. Mpango wa mayatima ulianza mwaka 2004 kwa majaribio ya takriban nyumba 500, baadhi zikiwa kwa jirani zetu wa Kwale. Mwaka 2018 wazee wote wa miaka 70 na zaidi wakafunguliwa mlango. Katiba yetu, Kifungu cha 43, inasema Serikali itamsaidia asiyeweza kujikimu. Kwa hiyo hii si sadaka ya mwanasiasa, na hakuna anayepaswa kumpigia mtu magoti ili aandikishwe.

Sasa tuingie nyumbani. Nitawapa mfano ambao si wa mtu fulani, lakini wengi wenu mtaujua. Bibi wa miaka 74 anaishi na wajukuu wanne. Mama yao alifariki, baba alikwenda Mombasa kutafuta kazi na habari zake ni za nadra. Shamba ni ekari mbili za mahindi, kunde na pojo, na mvua haziaminiki. Bibi anapata shilingi 2,000 kwa mwezi. Gawanyeni kwa watu watano: ni shilingi 400 kwa kila mmoja. Gawanyeni kwa siku 30: ni shilingi 13 na senti kidogo kwa siku. Kila mtu hapa anajua bei ya pakiti ya unga wa kilo mbili. Kwa hiyo asije mtu akasema nyumba hiyo imetajirika.

Lakini angalieni kinachobadilika. Cha kwanza ni dukani. Mwenye duka akijua kwamba bibi ana pesa inayokuja, anamwandikia kwenye daftari. Bila pesa hiyo, daftari hufungwa na watoto hulala na chai ya rangi. Maana yake ni kwamba pesa huanza kufanya kazi hata kabla haijafika.

Cha pili ni mifugo. Mnakumbuka ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua zikakosa misimu mitano mfululizo. Wakati kama ule kila mtu anauza mbuzi, bei ya mbuzi inaanguka, na bei ya mahindi inapanda. Anayelazimika kuuza mbuzi wake watatu mwezi huo, mvua ikirudi hana pa kuanzia. Aliye na 2,000 za kununua unga huenda akauza mmoja na kubakiza wawili. Tofauti ya nyumba hizo mbili hamtaiona mwezi huo. Mtaiona miaka miwili baadaye.

Cha tatu ni shule. Mpango wa mayatima ulifanyiwa tathmini hapa Kenya, ikaonekana kwamba watoto wa nyumba zilizopokea waliendelea na masomo ya sekondari kwa wingi zaidi kuliko wale wa nyumba zinazofanana nazo ambazo hazikupokea. Mtoto hafukuzwi na karo peke yake. Hufukuzwa pia na viatu, kalamu, sabuni, na njaa ya saa nne asubuhi.

Cha nne hakina hesabu, lakini wazee mtaniunga mkono. Mzee asiye na kitu hukatizwa maneno hata kwake mwenyewe. Anayeweza kumtuma mjukuu dukani na noti mkononi husikilizwa.

Sasa yale maneno ya mitaani. Wanasema pesa zinaishia kwenye mnazi na pombe. Mwaka 2014 watafiti wa Benki ya Dunia, David Evans na Anna Popova, walikusanya tafiti 19 kutoka nchi mbalimbali. Kwa jumla hawakuona kwamba misaada ya pesa inaongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Wako wanaokunywa, sikatai, lakini wengi wa hao walikuwa wakinywa kabla. Tusiwahukumu wazee wa lokesheni nzima kwa sababu ya mmoja tuliyemwona akipepesuka siku ya malipo.

Wanasema pia watu watakuwa wavivu. Jiulizeni ni kazi gani anayoikwepa bibi wa miaka 74, au kijana asiyeweza kuinuka kitandani bila kushikwa. Mlezi wa kijana huyo hufanya kazi usiku na mchana, ila hakuna anayemlipa.

Wengine wanahofia kwamba pesa zikiingia kijijini bei zitapanda na wasiopata wataumia. Hilo lilichunguzwa Siaya, ambako shirika la GiveDirectly lilizipa nyumba zaidi ya 10,000 karibu dola 1,000 kila moja. Hicho ni kiwango kikubwa mno kuliko chetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha bei zilipanda kidogo sana, na nyumba ambazo hazikupewa nazo zilifaidika, kwa kuwa pesa zilizunguka kwa fundi, kwa muuza samaki na kwa mwenye bodaboda. Kwa hiyo jirani yako akipata, usinune. Huenda shilingi hiyo ikafika kwenye kibanda chako.

Lakini lazima niseme na mipaka yake. Kiwango cha shilingi 2,000 kimekaa hapo hapo kwa zaidi ya miaka 10, na unga haukukaa hapo. Tena pesa hizi haziwezi kumzuia ndovu. Zaidi ya asilimia 60 ya ardhi ya kaunti yetu iko ndani ya mbuga za Tsavo, na usiku mmoja wa ndovu shambani unaweza kumaliza msimu mzima. Hapo msichanganye mambo. Hasara ya wanyamapori ina sheria yake, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, na fidia yake inaombwa kupitia KWS na kamati ya kaunti. Ripoti mapema, piga picha, tunza nakala ya fomu. Kupokea Inua Jamii hakukunyimi haki ya kudai fidia.

Jambo linaloumiza zaidi ni kuchelewa. Pesa zikikawia miezi minne, bibi wetu hupokea 8,000 kwa mpigo, lakini nyingi huwa zimeshaliwa kwenye daftari la duka. Baya zaidi, wako wanaoweka rehani kitambulisho na kadi ya benki, na namba ya siri wakampa mwenye duka au mkopeshaji. Siku ya malipo anayekwenda kutoa ni yeye, na mzee anaambiwa deni bado. Huo ni wizi, hata kama aliyeufanya anakusalimia vizuri kila asubuhi. Wako pia wajukuu na watoto wakubwa wanaompeleka mzee kupokea, kisha wanamrudishia mia tano.

Basi tukubaliane mambo haya.

Usajili ni bure. Anayekudai chai ili akuandikishe, mripoti kwa chifu au kwa ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo.

Namba ya siri ni yako peke yako. Kama huwezi kufika mwenyewe, sajili rasmi mlezi unayemwamini. Usimpe kadi yeyote anayepita.

Wazee, mkiitwa kuthibitisha kwamba mko hai, nendeni mapema. Asiyejitokeza anaweza kusimamishiwa malipo, na kurudishwa huchukua muda. Vijana, wapelekeni.

Mzee akifariki, familia itoe taarifa. Kuendelea kupokea kwa jina la marehemu ni kosa, na kunachelewesha nafasi ya aliye hai.

Wenye duka, kukopesha si kosa, na mmelisha watu wengi katika ukame. Andikeni deni mbele ya mteja, na kitambulisho kibaki kwake.

Akina mama, wale wanaopokea wanaweza kuweka hata 100 kwa mwezi kwenye chama. Watu 20 ni 2,000, zinazotosha kumfikisha mtoto hospitali usiku na kulipia dawa.

Mwisho, tuwatazame wale ambao hawamo kwenye orodha. Mjane wa miaka 66 mwenye wajukuu hafikishi umri, na huenda jina lake halikuandikwa kwenye mpango wa mayatima. Wazee wa vijiji na wahamasishaji wa afya, ninyi ndio mnaopita mlango kwa mlango. Mkiikuta nyumba kama hiyo, leteni taarifa ofisini. Usajili mpya ukitangazwa, jina hilo liwe la kwanza kupelekwa.

 Sasa tuchukue maswali.