Kitenzi "kununua" katika maduka ya michezo ya kompyuta



Naomba tukitazame kitenzi kimoja tu. Katika Kiswahili, anunuaye kitu hukimiliki. Akipewa kwa muda, twasema ameazima, amekodi au amepanga. Maduka ya michezo ya kompyuta katika intaneti yameivuruga tofauti hiyo. Mchezo wa The Crew, uliotolewa mwaka 2014, ulikufa Machi 31, 2024, kampuni ya Ubisoft ilipozima seva zake. Wengi waliolipa waliachwa mikono mitupu. Walikuwa wamenunua nini?

Duka la GOG la Poland, lililofunguliwa mwaka 2008, humpa mteja faili la usakinishaji lisilo na kinga ya kuzuia kunakili. Mkataba wake nao hutaja leseni, ni kweli; lakini aliyelihifadhi faili hilo huweza kuusakinisha mchezo bila intaneti, hata duka likifungwa.

Sheria ya jimbo la California, Marekani, iliyoanza kutumika Januari 1, 2025, inawakataza wauzaji kutumia neno "nunua" wasipomweleza mteja waziwazi kwamba apatacho ni leseni. Bidhaa inayopakuliwa ikabaki kwake daima, pasipo kuhitaji intaneti, imesamehewa. Yaani wabunge wameifanya kazi ya watunga kamusi!

Wafasiri wetu, je? Kitufe cha duka kikiandikwa kwa Kiswahili, napendekeza "nunua" liachiwe bidhaa yenye faili la kuhifadhi. Kwingineko, "lipia" latosha.