Tabitha wa Yafa na Mfuko Wetu wa Jamii



Sisi wa kamati ya mfuko wa jamii tumeombwa tuseme machache juu ya Mkristo kuwafaa wenzake. Mahubiri tunawaachia wachungaji. Tutamtaja mama mmoja tu, Tabitha wa Yafa, kwa Kigiriki Dorkasi, yaani paa. Habari zake zimo katika Matendo ya Mitume, sura ya 9. Alipofariki, Petro akaitwa kutoka Lida. Wajane walimpokea wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea marehemu. Hakuna aliyesimama kusifu sala zake, ingawa bila shaka alisali. Nguo zilisema.

Sasa, wapo wenzetu wanaotaka mfuko wa jamii uingizwe kwenye hisa ili gawio la mwisho wa mwaka linone. Hesabu yao si mbaya, na gawio nani halipendi? Lakini mfuko huo ndio uliomfikisha mwenzetu hospitali usiku uchungu ulipomshika. Ndio ulionunua sare na madaftari ya watoto wa yule mjane wa jirani, ambaye si mwanachama wala si wa kanisa letu. Watoto wale bado wako shuleni. Mfuko ukifungwa, wakija kubisha hodi tutawaonyesha nini, daftari la hisa?

Tunaomba jambo hili lisipite kimyakimya. Liletwe mkutano mkuu, kura ipigwe kwa kunyoosha mikono. Yetu mtaiona.