Livu Iliyobaki Mtu Anapostaafu



Wengi mmetuuliza juu ya mzee anayekaribia kustaafu na likizo yake, livu kama tuiitavyo hapa relini, ingali nyingi kitabuni. Je, aende kupumzika kwanza, ama akae kazini mpaka siku ya mwisho kisha alipwe fedha? Tumeona vema tuanze mbali, kwa askari wa Marekani, maana kwao shauri hili huwakabili watu wengi kila mwaka na sheria yake ni wazi.

Askari wa huko hupata siku mbili na nusu kila mwezi, yaani siku 30 kwa mwaka. Atokapo jeshini aweza kuuza zilizobaki, lakini katika utumishi wake wote zisizidi 60. Sasa sikilizeni sana, maana hapa ndipo watu hukosa hesabu. Siku iliyouzwa hulipwa kwa mshahara wa msingi peke yake. Posho ya nyumba haimo, posho ya chakula haimo. Lakini akiitumia siku ile kwa kupumzika kabla ya tarehe ya kustaafu, yeye angali askari, na mshahara wake huja pamoja na posho hizo.

Basi kwa nini mtu auze? Kwa sababu, tarehe ya kustaafu ikiwa ni ile ile, anayeuza hufanya kazi na kulipwa kama kawaida, na zile fedha huwa nyongeza. Anayekwenda likizo hupata mshahara wake tu, ila siku ni zake, na akiruhusiwa na mkubwa wake aweza kuanza kazi ya uraiani, akala huku na huku. Kwa hiyo yampasa aulize kwanza kama kuna kazi inayomngoja nje. Kama haipo, na madeni yapo, kuuza si ujinga. (Mgongo uliochoka hakuna karani aupigiaye hesabu, lakini nao umo.)

Turudi kwetu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 28, yatupa siku za kazi zisizopungua 21 kwa kila miezi 12, kwa mshahara kamili. Anayeondoka katikati ya mwaka huhesabiwa siku moja na robo tatu kwa kila mwezi aliotimiza. Miezi 4 ni siku 7. Lakini likizo ikigawanywa, sehemu inayobaki yatakiwa ichukuliwe kabla ya miezi 18 kupita tangu mwaka wake kwisha. Mzee anayejivunia siku za miaka kumi huenda akabishiwa siku ya malipo.

Tena kuna nyumba. Mwenye kukaa nyumba ya kazi, akiwa livu bado ni mfanya kazi. Akistaafu, huanza kuulizwa funguo, na huku watoto wako shule na kule nyumbani mabati hayajapigwa hata moja. Siku 21 za kusimamia fundi mwenyewe si kitu kidogo.

Waliobakiza mwaka mmoja waandike barua mwezi huu, waulize siku zao ni ngapi, na kila siku italipwa kwa mshahara wa msingi ama pamoja na posho ya nyumba. Jibu la mdomo wasilikubali. Nakala wampe katibu wa tawi.